Nani Alibeba Ndege ya Bukoba?

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi mlio katika vikosi vya ulinzi na usalama, askari aliyepata uhamisho wa kwenda Bukoba, Songea au Mpanda hana haja ya kuelezwa maana ya umbali. Anaujua kwa mgongo wake. Anajua pia kwamba mgonjwa mahututi hawezi kusubiri masika yaishe, na kwamba kuna siku ambapo ujumbe, dawa au ofisa mmoja tu akichelewa, kazi ya kikosi kizima huharibika. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa leo, katika mfululizo wetu juu ya nchi jirani, tuzungumzie usafiri ambao watu wengi huukumbuka pale tu unapokatika: ndege ndogo za pangaboi ziendazo kwenye viwanja vidogo. Nchi tatu jirani, yaani Kenya, Uganda na Tanzania, ziliwahi kuzibeba ndege hizo kwa pamoja. Kisha zikagombana juu ya gharama zake, na hatimaye kila moja ikashika njia yake.

Tuanze na jambo ambalo vijana wengi watalistaajabia. Mji wa Lindi uliwahi kuwa kituo katika njia ya ndege iliyounganisha Uingereza na kusini mwa Afrika. Mwaka 1931 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilifikisha safari zake Mwanza. Mwaka uliofuata njia hiyo ikaendelezwa hadi Cape Town, ikipita Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Ilipofika mwaka 1937 shirika hilo lilianza kutumia ndege zinazotua majini, nazo zikawa zinapita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kuelekea Msumbiji. Miji hiyo haikuchaguliwa kwa kupendwa na mtu. Ndege za siku zile hazikuweza kwenda mbali bila kujaza mafuta, na hazikusafiri usiku, kwa hiyo zilihitaji mahali pa kupumzikia kila baada ya saa chache. Ndege zilipopata nguvu ya kuruka mbali zaidi, miji hiyo ilirukwa. Tangu hapo swali likawa ni nani ataipelekea ndege Lindi, maadamu yule mkubwa apitaye juu hana tena sababu ya kushuka.

Jibu la kwanza lilitoka Nairobi. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, iliyotumia ndege ndogo kubeba barua na abiria kutoka vituo vya njia kuu kwenda miji ya pembeni, pamoja na Tanganyika na Zanzibar. Kiwanja cha Wilson kilichopo Nairobi hadi leo kinachukua jina lake. Wasikilizaji wetu wa jeshi watapenda kujua mwisho wa kampuni hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, ndege na marubani wake walichukuliwa na serikali ya kikoloni na kufanywa kikosi cha akiba cha anga. Ndege ya barua ya jana ikawa ndege ya upelelezi ya leo, wala hapakuhitajika sheria ndefu, kwa kuwa rubani aliyezoea kutua katika viwanja vya nyasi ndiye hasa aliyetakiwa.

Baada ya vita, tarehe 1 Januari 1946, likaanzishwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, likiwa mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege sita za Dragon Rapide, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa, kila moja ikichukua abiria wapatao wanane. Baadaye likapata ndege za Dakota zilizobaki baada ya vita. Ndege hizo za Dakota zinastahili heshima. Zilitua Mafia, Mtwara, Nachingwea, Songea, Iringa, Tabora, Musoma na Bukoba, juu ya udongo na nyasi, mwaka hata mwaka. Kiwanja cha Nachingwea chenyewe kilikuwa mabaki ya ule mradi wa karanga wa Waingereza uliofilisika kabla haujatimiza miaka mitano. Mradi ulikufa lakini kiwanja kikabaki, na katika miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji eneo lile la Nachingwea likawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaja ndege mpya kutoka Uholanzi, Fokker F27 Friendship. Hapa itafaa tusimame kidogo tueleze ufundi wake, kwa sababu bila kuufahamu ufundi huo ugomvi uliofuata hautaeleweka.

Injini ya ndege ya F27 ni ya ukoo mmoja na injini ya jeti: inachoma mafuta ya aina ya mafuta ya taa mfululizo, na gesi yenye joto huzungusha magurudumu yaliyo ndani yake. Lakini badala ya kuisukuma ndege kwa gesi peke yake, nguvu ile hupelekwa kwenye pangaboi lililo mbele. Katika safari fupi, ambapo ndege haipandi juu sana wala haipati muda wa kushika mwendo mkubwa, pangaboi hutumia mafuta kidogo kuliko jeti. Mabawa ya F27 yamewekwa juu ya mwili wa ndege, hivyo injini na mapangaboi viko mbali na changarawe. Jeti yenye injini chini ya bawa ikitua kwenye njia ya changarawe inaweza kumeza kokoto na kuharibika. Tena jeti huhitaji njia ndefu ya kurukia, na hasa katika miji ya nyanda za juu kama Iringa na Mbeya, ambako hewa ni nyepesi na ndege yoyote hulazimika kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka. Kwa ndege ya pangaboi yenye viti arobaini na kitu, mji ambao haukuweza kupata jeti uliweza kupata usafiri wa kisasa.

Uliweza, ila kwa gharama. Rubani na msaidizi wake hulipwa mshahara uleule ndege ikibeba watu 8 au 40. Mafuta hupungua kidogo tu viti vikiwa vitupu. Ndege inayotoka Dar es Salaam kwenda Bukoba ikisimama njiani mara mbili au tatu huchakaa upesi kuliko inayokwenda moja kwa moja, maana magurudumu, breki na injini huchoshwa na kuruka na kutua kuliko na kuwa angani. Na kila inapokaa kiwanjani kusubiri abiria wanne na magunia ya barua, inakula muda ambao ingekuwa ikichuma kwingine. Mtu anaweza kusema nauli ipandishwe. Lakini nauli ikipanda, abiria wale wachache watapungua zaidi, na ndege itarudi ikiwa tupu kuliko ilivyokwenda. Kwa hiyo njia ya abiria wachache hubebwa na mwingine: aidha njia nyingine yenye faida, au hazina ya serikali. Katika shirika la pamoja zilizobeba ni safari ndefu za kwenda Ulaya na Asia, pamoja na safari zenye watu wengi kama Nairobi na Mombasa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967, na makao makuu ya mashirika yakagawanywa: bandari Dar es Salaam, posta Kampala, reli na ndege Nairobi. Wakenya walisema kwamba fedha zinazopatikana kwa safari za kimataifa zitokazo Nairobi zinamezwa na safari za ndani za Tanzania, nchi kubwa yenye viwanja vingi na abiria haba. Watanzania nao wakajibu kwamba makao makuu, karakana, maghala ya vipuri na sehemu kubwa ya ajira viko Nairobi, na kwamba mtalii anayekuja kuona Serengeti analala kwanza hoteli ya Nairobi kwa sababu ndege imemshusha huko. Waganda walikuwa na malalamiko kama hayo.

Kwa maoni yetu, pande zote zilisema kweli, na hilo ndilo lililofanya ugomvi uwe mgumu. Mmoja alikuwa akihesabu tiketi, mwenzake akihesabu mishahara na mapato ya hoteli. Hawakuwahi kuketi juu ya daftari moja wakakubaliana kwamba ndege ya Bukoba inagharimu kiasi hiki, na kwamba tunaibeba kwa sababu hizi, na kila mmoja atalipa fungu lake. Gharama ilifichwa ndani ya hesabu za jumla. Wakati shirika lilipokuwa na fedha hakuna aliyeuliza. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla baada ya mwaka 1973, na deni la ndege kubwa likawa linadaiwa, kila mtu akaanza kuangalia mfuko wa mwenzake. Fedha zilizokusanywa katika nchi moja zikawa hazipelekwi makao makuu kwa wakati.

Yawezekana ugomvi huo ungetatuliwa kama wenye mamlaka wangekutana. Lakini maamuzi makubwa ya Jumuiya yalikuwa mikononi mwa marais watatu, na baada ya Idi Amin kumpindua Rais Obote Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Mwaka 1972 mambo yakazidi kuharibika: wakimbizi wa Uganda walijaribu kuirudisha serikali ya Obote kwa nguvu, na ndege za kivita za Amin zikaishambulia Bukoba na Mwanza kwa mabomu. Ni vigumu kupanga ratiba ya safari za pamoja na jirani ambaye ndege zake zimekuja kwa ratiba ya namna hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 ndege za shirika la pamoja zilisimama. Kenya ikaanzisha Kenya Airways mwezi Januari, na safari zake zikaanza tarehe 4 Februari. Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, na tarehe 11 Machi ikaunda Shirika la Ndege la Tanzania, ATC. Uganda ilikuwa imekwisha kuandikisha shirika lake mwaka 1976. Mahali palipokuwa na shirika moja pakawa na matatu, kila moja na mkurugenzi wake, nembo yake, na ghala lake la vipuri lisilotosha.

Fikirini hali ya ATC, ndugu wasikilizaji. Nchi ndiyo yenye viwanja vingi zaidi kati ya hizo tatu, lakini karakana walikozoea kutengenezewa ndege iko ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Shirika lilianza na ndege za F27 na zile ndogo za Twin Otter zenye viti visivyozidi ishirini, ambazo zinaweza kutua katika uwanja mfupi ajabu. Boeing 737 zikafuata baadaye. Ilibidi mafundi wajengewe karakana upya nyumbani, katika kiwanja cha Kilimanjaro. Na kipuri cha injini ya F27 hulipiwa kwa fedha za kigeni hata kama abiria amelipa kwa shilingi. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba kuliko mvua ya Dodoma, na watumishi wengi wa mikoani wanakumbuka walivyokaa kiwanjani kutwa wakiitazama mbingu.

Halafu, kabla shirika halijatimiza miaka miwili, ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Historia ya vita hivyo wengi wenu mnaifahamu kuliko sisi, na baadhi yenu mliirithi kwa wazee wenu waliopigana. Twataka kukumbusha jambo moja tu. Jeshi lilikwenda Kagera kwa reli, kwa meli za ziwani, kwa malori na mabasi yaliyokusanywa nchi nzima, kwa barabara za matope. Wakati huo hakuna aliyeuliza kama kiwanja cha Bukoba kinaleta faida. Kiwanja ambacho katika hesabu za amani kilikuwa hasara, sasa kilikuwa mlango wa nyuma wa uwanja wa vita. Na jeshi hilo lilipouteka uwanja wa Entebbe tarehe 7 Aprili 1979, lilikuwa linakifunga kituo ambacho Libya ilikitumia kumletea Amin askari na silaha.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mali za Jumuiya iliyokufa ziligawanywa kwa upatanishi wa Daktari Victor Umbricht wa Uswisi, na makubaliano yakatiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Hivyo miaka saba baada ya shirika kufa, ndipo daftari moja likapatikana.

Tuangalie basi majirani walivyofanya baada ya kutengana. Kenya iliziacha njia nyingi za abiria wachache mikononi mwa kampuni binafsi za pale Wilson, ambazo kwa ndege ndogo zilikwenda Lamu na miji ya kaskazini yenye ukame. Kampuni hizo ziliishi kwa kuchanganya kazi: leo watalii, kesho dawa za misaada, keshokutwa miraa ya kwenda Somalia. Shirika la taifa lenyewe likabakiza miji michache, kwanza kwa F27, na tangu mwaka 1988 kwa Fokker 50. Twaona kulikuwa na busara katika mpango huo, ingawa ulikuwa na kasoro yake, maana mchuuzi huifuata biashara, na biashara ikihama naye huhama.

Uganda ilionyesha jambo jingine. Katika miaka ambayo barabara ya kwenda kaskazini-magharibi ilikuwa ya hatari kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa Joseph Kony, watu waliokuwa na uwezo walipanda ndege kwenda Arua. Njia iliyokuwa ya abiria wachache ikawa na abiria, si kwa sababu Arua ilitajirika, bali kwa sababu ya woga. Hapa kwetu kusini ilikuwa hivyo kwa sababu ya maji: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji katika masika uliweza kuitenga Lindi na Mtwara na nchi nyingine kwa majuma. Barabara njema ikifika, ndege hupoteza baadhi ya wateja wake, na hakuna mtu mwenye akili atakayelalamikia hilo. Shirika la Uganda lilifungwa mwaka 2001, na lilipofufuliwa mwaka 2019 lilianza na jeti.

Sasa linakuja jambo ambalo mzee wa mwaka 1977 asingelisadiki. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa za Precision Air, kampuni binafsi ya Tanzania iliyokuwa ikienda Mwanza, Bukoba, Mtwara na kwingineko kwa ndege za pangaboi za ATR. Shirika la nchi iliyolalamika kwamba njia za ndani za Tanzania ni mzigo, lilirudi likalipa fedha ili liwe na fungu katika njia zizo hizo. Abiria wa Mwanza anayekwenda Ulaya alikuwa na thamani kwa Nairobi, na ili kumpata ilibidi mtu amfuate Mwanza. Yaani kumbe ile ndege ndogo ndiyo iliyokuwa ikiijaza ndege kubwa, na pengine ilikuwa ikifanya hivyo siku zote. Hesabu hiyo haikuonekana katika malumbano ya Nairobi, ambako kila safari ilipimwa peke yake kana kwamba abiria huzaliwa kiwanjani.

Serikali ya Tanzania nayo, baada ya ubia na shirika la Afrika Kusini ulioanza mwaka 2002 kuvunjika mwaka 2006, na baada ya miaka ambapo shirika la taifa lilikaribia kukosa ndege kabisa, ilinunua ndege mbili za pangaboi za Q400 kutoka Canada zilizowasili Septemba 2016. Wako waliozicheka wakitaka jeti. Hawakufikiri urefu wa njia ya kurukia ya Mpanda wala idadi ya abiria wa Songea. Kwamba shirika hilo limeendelea kutaja hasara katika ripoti za ukaguzi wa serikali ni kweli pia, na ni haki ya mlipa kodi kuambiwa wazi ni kiasi gani cha hasara hiyo ni uzembe na ni kiasi gani ni gharama ya kuifikia mikoa ya mbali. Vitu hivyo viwili vikichanganywa katika fungu moja, turudi tena kwenye ugomvi wa mwaka 1977, safari hii ndani ya nyumba moja.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika daftari la shirika lolote la ndege, nayo inawahusu moja kwa moja wasikilizaji wetu. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 ya Precision Air yenye watu 43, ikitoka Dar es Salaam, ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka. Ilianguka jirani na kiwanja, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, na ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba uokoaji rasmi ulichelewa na vifaa vyake havikutosha. Kiwanja kilicho ukingoni mwa ziwa kinahitaji boti yenye mafuta tangini, wapiga mbizi wenye mitungi iliyojazwa, na askari waliofanya mazoezi ya kufungua mlango wa ndege ndani ya maji. Na vyote hivyo lazima viwepo siku 365, hata kama kwa siku zinatua ndege mbili tu.

Mmoja wa wavuvi wale wa Bukoba, kijana aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia ndege ile, baadaye aliajiriwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.